Habu Chini ya Meza

Ofa yao ya kwanza ya kuombea kazi iliposhindwa, bwana Hanganu alisema ni bahati mbaya. Ya pili alipiga meza kwa kiganja mpaka kikombe cha kahawa kikaruka. Kampuni ya wapinzani wao, iliyoko upande wa pili wa mji, ilikuwa imetaja bei ya chini kidogo tu kuliko yao, kidogo hivi, kama mwanafunzi aliyechungulia karatasi ya jirani yake. Na si bei tu. Hata ile ahadi ya kuwafundisha kazi makarani wa kinu cha unga bure, ambayo Ilinca aliibuni mwenyewe huku anatafuna mkate, nayo ilikuwemo.

"Sasa nisikilizeni," alisema bwana Hanganu, mwenye kampuni. "Ofisi hii ina watu watatu. Mimi sijiibii. Wiki hii inaondoka ofa ya kile kinu kikubwa, na ikivuja nayo, nafunga mlango, kila mtu aende kwao."

Akaingia chumbani kwake, akaubamiza mlango. Basi hapo. Ukimtoa bwana Hanganu wanabaki wawili, na Ilinca alijijua kwamba yeye si mwizi. Alibaki Ovidiu.

Na Ovidiu, jamani, hakuwa mtu wa kubakizwa peke yake kwenye hesabu ya namna hiyo. Ndiye aliyemshika mkono Ilinca alipotoka chuoni hajui hata mzani wa kinu unazungumza vipi na kompyuta, maana kazi yao ilikuwa kuandika programu za vinu na matanuri ya mikate. Halafu kuna la harusi. Pasaka ikishapita Ilinca alikuwa anaolewa na Tiberiu wake, na walioombwa kuwa wasimamizi ni Ovidiu na mkewe, Corina. Pale Iași, mji wao wa Romania, msimamizi si mtu wa kushika pete, akapiga picha, akaenda zake. Ni mzazi. Anashika ule mshumaa mrefu kanisani, anaamua kesi mkigombana, na mtoto wenu wa kwanza anabatizwa mikononi mwake. Tangu siku aliyokubali, Ovidiu alikuwa hamwiti tena Ilinca kwa jina. Ni "mwanangu" asubuhi, "mwanangu" jioni, ingawa alimzidi miaka michache tu. Naye Ilinca akamwita "baba", wakawa wanacheka wenyewe kama wehu.

Sasa huyu ndiye wa kumshuku? Ilinca alijaribu kuifukuza fikra hiyo, ikagoma kutoka. Usiku haikumlaza, asubuhi ikamtangulia kazini. Na mtu akishaanza kushuku, hata namna mwenzake anavyokoroga chai inakuwa ushahidi.

Ushahidi wenyewe ulikuwepo, au Ilinca aliuona upo. Siku hizi Ovidiu alikuwa na tabia ya kutoka roshanini na simu sikioni, anafunga mlango wa kioo nyuma yake, anasimama huko kwenye baridi akiwapa mgongo. Akirudi anaficha macho. Tena kwenye skrini yake kulikuwa na dirisha jeusi lenye mistari inayokimbia mfululizo, na Ilinca akipita nyuma ya kiti chake, lile dirisha linashushwa upesi.

"Baba, unaongea na nani huko nje kwenye baridi?" alimwuliza siku moja, akijifanya anatania.

"Na fundi wa gari."

"Gari gani? Lako si liko kijijini halina injini, kuku wanatagia ndani?"

"Ndiyo maana naongea na fundi, mwanangu."

Wakacheka. Lakini Ilinca alicheka kwa meno tu, na moyoni aliona uchungu, maana jibu lilikuja haraka mno.

Hapo ndipo alipokumbuka habu.

Habu ilikuwa imelala kwenye droo ya takataka, pamoja na vipanya vya kompyuta vilivyokufa na chaja zisizo na mwenyewe. Zamani ndiyo iliyounganisha kompyuta zote za ofisi, kabla Ovidiu hajamlazimisha bwana Hanganu kununua swichi. Siku ile bwana Hanganu alilalamika sana. Vyote viwili ni vikebe vya bati, vyote vina matundu ya waya, vyote vina taa za kijani, sasa cha nini kununua kingine? Ovidiu akamweleza kwa mfano wa mama Safta, yule jirani wa ghorofa ya chini ambaye hakuna siri ya jengo iliyowahi kumpita.

"Habu ni mama Safta, bwana Hanganu. Mpe neno ampelekee mtu wa ghorofa ya tatu. Atafanyaje? Atasimama katikati ya ngazi apige ukelele, kila mlango usikie, halafu wasiohusika wanatakiwa wajifanye hawakusikia. Swichi ni tarishi mwenye akili. Anajua nani anakaa wapi. Anabisha mlango mmoja, anakabidhi, anaondoka."

"Na hao wasiohusika, wakiamua kusikia?"

"Wanasikia yote. Habu haina namna ya kuwazuia."

Bwana Hanganu alinunua swichi siku ile ile.

Sasa Ilinca akaitoa habu drooni, akaifuta vumbi kwa mkono wa sweta. Asubuhi moja alifika kabla ya wenzake, akapiga magoti chini ya meza ndefu aliyokaa na Ovidiu bega kwa bega. Akachomoa waya wa Ovidiu na wake, akazichomeka zote mbili kwenye habu, kisha kutoka kwenye habu akavuta waya mmoja hadi kwenye swichi. Basi. Tangu hapo kila kitakachokwenda au kutoka kwa Ovidiu kitapigiwa ukelele hadi kwenye kompyuta ya Ilinca pia. Akafungua programu ya kusikiliza waya, akaishusha isionekane, akakaa akingoja.

Ovidiu akaingia na mfuko wa covrigi, ile mikate ya duara yenye ufuta, bado ya moto.

"Kula, mwanangu. Harusi itakukuta umebaki mifupa, watu watasema wasimamizi wanakunyima."

Ilinca alikula. Aliona haya, tena haya ya kweli, akatamani apige magoti aing'oe ile habu. Lakini hasira nayo ilikuwepo. Alijiambia, kama ni mwema, nitasikia wema wake, nitafurahi, nitaing'oa, hatajua kitu. Watu wanaotega masikio hujiambia hivyo daima, na mimi sijui ni nani huwaamini zaidi ya wao wenyewe.

Mwanzo alisikia ya kawaida. Ovidiu alisoma habari za mpira. Akamwandikia Corina kwamba zacuscă, ile rojo ya mboga ya kupaka kwenye mkate, imeisha, anunue nyingine, amechoka na maharage, Kwaresima ina mwisho kweli? Ilinca akaanza kupumua. Mara Ovidiu akafungua ukurasa wa wale wapinzani. Akausoma. Akarudi nyuma, akausoma tena. Kisha, Mungu wangu, akavuta faili kutoka kwenye kompyuta ya bwana Hanganu, na faili yenyewe ilikuwa ofa ya kile kinu kikubwa, kurasa zote, kuanzia jina la mteja hadi bei.

Ofa hazikuwa kazi ya Ovidiu. Hazikumhusu ndewe wala sikio.

Ilinca alihisi moyo umempasuka paa. Bwana Hanganu alikuwa chumbani kwake, na watu wa ofisi ile, hata wakiwa hatua chache, walizoea kuandikiana kwenye kompyuta kuliko kuinuka. Akaandika: "Ni Ovidiu. Nina hakika. Amechukua ofa ya kinu sasa hivi."

Jibu likaja upesi. "Nilijua. Nyamaza kwanza. Pasaka ikipita simtaki hapa."

Ilinca angeishia hapo. Hakuishia. Machozi yalikuwa yameanza kumtoka, akaandika tena, akigonga herufi kana kwamba zimemkosea: "Na mimi itabidi nitafute wasimamizi wengine. Siwezi kushikiwa mshumaa na mwizi."

Akatuma. Kando yake, kiti cha Ovidiu, ambacho hulia kutwa nzima kwa sababu mwenyewe hatulii, kikanyamaza.

Ilinca hakuthubutu kugeuka. Kwa pembe ya jicho aliona lile dirisha jeusi liko wazi mbele yake, naye amelitolea macho. Kisha kalamu ya Ovidiu ikaanguka. Akainama kuiokota chini ya meza, akakawia huko kidogo, akarudi nayo mkononi. Akainuka, akatoka nje ya ofisi bila koti na bila simu.

Anakimbia, Ilinca aliwaza. Anakwenda kuwapa ofa. Akainuka, akamfuata.

Lifti ilikuwa mbovu, imezoea. Alishuka ngazi kwa kunyata, akashikilia ukuta, akimsikia Ovidiu anateremka chini yake. Ghorofa ya kwanza alipishana na Fănel, kijana mmoja wa pale aliyekuwa kila siku anawasalimia kwa bashasha.

"Kazi zinaendaje, bingwa?"

"Salama," alisema Ilinca, akampita.

Chini kabisa alisikia mlango unabishwa, kisha sauti ya mama Safta ikapanda jengo zima.

"Ufunguo? Ufunguo wa sanduku la mtandao? Wa nini, Ovidiu? Mtandao umekatika tena? Enyi watu wa juu, mtandao umekatika?"

"Haujakatika, mama. Nataka kutazama tu."

"Anatazama tu!" mama Safta alizitangazia ngazi.

Ilinca alipofika alimkuta Ovidiu amesimama mbele ya sanduku la chuma ukutani, mlango wake wazi. Ndani yake, katikati ya waya zilizosokotana, kulikuwa na kikebe kikubwa chenye taa nyingi. Zote ziliwaka kwa pamoja, zikazimika kwa pamoja, zikawaka tena.

"Njoo uone, Ilinca," alisema bila kugeuka.

Alisikia jina lake kwenye kinywa kile na likamkaa vibaya, lakini hakupata nafasi ya kulifikiria.

"Ni nini?"

"Habu. Watu wa jengo hili walichanga, wakavuta mtandao mmoja, wakanunua kitu cha bei rahisi. Sisi tuko hapa hapa, kwenye tundu hili."

"Lakini sisi tuna swichi."

"Swichi yetu inalinda vyumba vyetu. Kazi yake inaishia mlangoni. Barua ya ofa inapotoka kwa bwana Hanganu kwenda kwa mteja, inapita hapa, na hapa inapigiwa ukelele kwenye kila nyumba ya jengo hili. Anayetaka kusoma anasoma." Akavuta pumzi. "Watu wa kompyuta tuko watatu, na hata mmoja hakufikiria kushuka ngazi."

Mama Safta, ambaye hakuna aliyemkaribisha, aliingiza kichwa katikati yao. "Huo waya mweusi ni wa Fănel. Aliuvuta mwenyewe. Kijana mzuri, mwaka mpya aliniletea kalenda ya kazini kwake. Ngoja." Akaingia ndani, akarudi na kalenda. Juu yake, kwa herufi za dhahabu, lilikuwa jina la wapinzani wao, na picha ya mzani.

Ilinca alilisoma jina lile mara mbili. Alitaka kuuliza, basi wewe ofa uliichukua ya nini? Swali lilifika kwenye ulimi, akalimeza, maana angelijuaje kama ameichukua?

"Nilikuwa nalinganisha ofa yetu na matangazo yao," Ovidiu alisema. "Nilitaka kujua wametuibia maneno gani."

Hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Kisha akatoa sigara kwenye mfuko wa shati, akaiwasha pale pale.

"Wewe si uliacha?" alisema Ilinca. "Si ulimwapia Corina Kwaresima nzima?"

"Niliacha mbele ya watu. Huko roshanini nilikuwa nasimama na simu sikioni na hakuna mtu upande wa pili. Nilikuogopa wewe. Nilidhani utanisemea kwa Corina." Akapuliza moshi pembeni. "Kumbe hilo lilikuwa dogo."

Akamrudishia mama Safta ufunguo, akapanda ngazi.

Bwana Hanganu alipoelezwa hakuamini, akashuka mwenyewe, akaiona kalenda, akatukana hadi mama Safta akapiga ishara ya msalaba. Ila alikuwa na akili ya biashara. Aliituma kwa mtandao wa jengo ofa ya uongo, yenye bei ya kichaa ambayo hakuna kinu duniani kingeikubali, na ile ya kweli akaipeleka mwenyewe kwa gari, mkononi. Wapinzani wakaja na bei ya kichaa, imepunguzwa kidogo tu. Mwenye kinu alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku ile Fănel anapanda ngazi ameinamisha kichwa, na mama Safta anamfuata kwa sauti ghorofa hadi ghorofa.

Ilinca hakuweza kucheka. Alimwendea bwana Hanganu chumbani, akafunga mlango, akamwomba asahau yale aliyomwandikia.

"Nimeshafuta," alisema bwana Hanganu. "Na mimi niliandika upuuzi. Mwenyewe hajui, nani atamwambia? Nenda kaolewe."

Ilinca alitoka amepata nafuu kidogo. Hajui. Alijirudia neno hilo kama mtu anayebembeleza mtoto. Lakini siku zilipita na Ovidiu hakumwita mwanangu. Alimwambia habari za asubuhi, akamletea covrigi, akamwekea mezani badala ya mkononi. Sasa ikawa zamu ya Ilinca kuchunguzwa na fikra zake. Je, amechoka? Anaumwa? Anajua? Akikohoa, Ilinca anashtuka. Akinyamaza, anashtuka zaidi.

Siku ambayo mkataba wa kinu ulitiwa saini, bwana Hanganu alileta keki isiyo na mayai wala maziwa, maana Pasaka ilikuwa haijafika, akampiga Ovidiu begani.

"Hebu nieleze, ulipataje akili ya kufikiria zile ngazi?"

"Nilisikia habu ikifanya kazi," alisema Ovidiu. "Mzani mmoja ulikuwa unakosea uzito, kwa hiyo kutwa nilikuwa na programu ya kusikiliza waya, nautegea. Kazi ya kunuka, hata kuonyesha mtu nilikuwa naona aibu, nimeshindwa na mzani. Siku zote programu ile hunionyesha mazungumzo yangu peke yangu, swichi hainipi ya watu. Siku hiyo ikaanza kunipa na ya wengine. Nikajiuliza, kama habu moja inafanya hivi, ziko ngapi kati yetu na mteja?"

"Habu gani tena? Si tuliitupa?" alisema bwana Hanganu, mdomo umejaa keki. Simu yake ikalia, akaingia chumbani kwake.

Ilinca alikuwa amesimama na kijiko hewani. Alikiweka chini. Alipiga magoti, akaingia chini ya meza, akaushika waya wa kwanza.

"Iache hapo, Ilinca," sauti ya Ovidiu ilisema juu yake.

Hakutoka. Alibaki pale pale kwa magoti na mikono, mbele ya viatu vya Ovidiu, kwa sababu hakuweza kumtazama usoni.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu uliposema una hakika."

"Nilimwomba bwana Hanganu asahau..."

"Bwana Hanganu, ndiyo."

Ilinca alifunga macho. "Na lile la mshumaa?"

"Lilifika zima. Halikupungua hata neno."

Alitambaa akatoka, nywele zimejaa vumbi, akakaa sakafuni kama alivyo. Alilia waziwazi sasa, bila kujificha. "Nisamehe, baba. Niliingiwa na shetani. Kama hutaki kuja, nitamwambia Tiberiu ukweli wote."

Ovidiu hakuwa na uso wa hasira. Afadhali angekuwa nao. Alikuwa amechoka tu, kama mtu aliyerudi safari na kukuta kwake kumehamwa.

"Corina ameshaagiza mishumaa. Amechagua na riboni. Hajui kitu, na kwangu hatajua. Tutakuja, tutaishika, tutacheza. Mtu akishaombwa jambo hilo harudi nyuma. Lakini usiniite baba hapa ofisini."

"Na habu?"

"Habu ibaki. Ukitaka kunisema tena, nisikie mapema."

Akageukia mzani wake. Ilinca aliinuka, akakung'uta magoti, akakaa kwenye kiti chake bega kwa bega naye kama siku zote. Hakujua afanye nini na mikono yake. Mwishowe akafungua ukurasa wa kumwandikia Tiberiu, akiijua vizuri njia ambayo maneno yatapita na nani mwingine yatamfikia. Aliandika: "Nimemdhulumu Ovidiu. Nilimwita mwizi, naye hakuiba kitu. Ni mtu mwema kuliko mimi, na sijui nitampataje tena." Akatuma.

Kiti cha Ovidiu kikanyamaza. Ilinca alimtazama kwa pembe ya jicho. Mistari mipya ilikuwa imeshuka kwenye lile dirisha jeusi, na Ovidiu alikuwa ameinama kidogo mbele yake, anasoma.

Alisoma hadi mwisho. Kisha akalifunga lile dirisha, akavuta kiti chake, akaendelea na kazi.